Reli ya Bububu: gari la moshi lililokuwa likiondoka Ngomeni

Reli ya Bububu ilikuwa njia ya gari la moshi iliyounganisha Mji Mkongwe wa Unguja na kijiji cha Bububu, kaskazini ya mji, kwa urefu wa maili 7, yaani kilomita 11 hivi. Ilifunguliwa mwaka 1905 na ikachukua abiria mpaka mwaka 1922. Stesheni yake ya mjini ilikuwa kando ya Ngome Kongwe, hapo Forodhani. Mwisho wake ulikuwa Bububu kwenyewe, mahali ambapo mji ulikuwa umeshakwisha na mashamba ya minazi na mikarafuu yanaanza.

Haikujengwa kwa safari za mbali kama reli ya kutoka Mombasa kwenda bara. Kazi yake ilikuwa kwenda na kurudi. Mtu wa shamba anateremka mjini asubuhi na mzigo wake, anauza, ananunua mahitaji ya nyumbani, kisha anarudi kwake. Mtu wa mjini naye anakwenda shamba kutazama mali yake au kuwazuru jamaa, na usiku analala kitandani kwake.

Watoto wetu waliozaliwa Maskati, Dubai au Doha wanapolitaja treni, wanakusudia Metro ya Dubai iliyoanza kazi Septemba 2009, au njia mpya inayojengwa baina ya Sohar na Abu Dhabi. Ukiwaambia kwamba kwao Unguja treni lilikuwa likipita mbele ya milango ya nyumba zaidi ya miaka 100 iliyopita, wanadhani unawatania. Wazee waliolipanda wameshatangulia mbele ya haki, na waliosimuliwa na hao waliolipanda wanazidi kupungua kila mwaka. Ndiyo maana tumeikusanya hapa historia ya reli hii, stesheni yake, njia yake na yaliyobaki.

Kwa ufupi

Jina: Reli ya Bububu
Mwanzo wa njia: Ngome Kongwe, Mji Mkongwe, Unguja
Mwisho wa njia: Bububu
Urefu: maili 7
Mjenzi: kampuni ya Arnold Cheney ya New York
Kuanza kuchukua abiria: 1905
Kuacha kuchukua abiria: 1922
Kazi ya mwisho: kubeba mawe ya ujenzi wa bandari, katika miaka ya 1920

Reli iliyotangulia: Sayyid Barghash na Chukwani

Reli ya Bububu ilikuwa ya pili Unguja. Ya kwanza ilikuwa ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Sayyid Barghash aliyaona mambo ya dunia kabla ya kukalia kiti. Baada ya mgogoro wa mwaka 1859 baina yake na nduguye Sayyid Majid alipelekwa Bombay, mji ambao ulikuwa na gari la moshi tangu mwaka 1853. Mwaka 1875, akiwa Sultani, alizuru Uingereza na kuiona miji yake ya viwanda. Mengi aliyoyajenga baadaye yanaonesha alirudi na nini kichwani: Beit al-Ajaib, na mfereji wa maji yaliyotolewa kwenye chemchem za upande wa Bububu na kuletwa mpaka mjini.

Mwaka 1879 aliweka reli ya kutoka mjini kwenda kwenye kasri lake la Chukwani, kusini ya mji. Mwanzo mabehewa yalikokotwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza kichwa kidogo cha gari la moshi kutoka kwa Bagnall, mtengenezaji wa Uingereza. Reli hiyo ilikuwa ya Sultani, jamaa zake na wageni wake. Alipofariki mwaka 1888, nayo ikafa. Reli ziling'olewa na kichwa kikaishia kuwa chuma chakavu.

Baada ya hapo Unguja ilikaa miaka 17 bila ya gari la moshi.

Kampuni kutoka New York

Huenda msomaji akajiuliza Wamarekani walikuwa wakitafuta nini Unguja. Biashara baina yao na Unguja ilikuwa ya zamani. Mkataba baina ya Sayyid Said bin Sultan na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na miaka 4 baadaye balozi mdogo wa Marekani akaja kukaa Unguja. Walichukua pembe za ndovu, karafuu na gundi ya sandarusi, wakaleta kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo Waswahili wanakiita merikani. Arnold Cheney ilikuwa moja ya nyumba za biashara zilizojulikana sana katika pembe za ndovu.

Kampuni hiyo ndiyo iliyoijenga Reli ya Bububu. Unguja ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu mwaka 1890. Sayyid Ali bin Hamud alirithi kiti mwaka 1902 akiwa kijana, na waziri wa kwanza, Mwingereza A. S. Rogers, akashika madaraka kwa niaba yake mpaka mwaka 1905, mwaka uleule reli ilipofunguliwa. Baadaye serikali ya Zanzibar iliinunua reli kutoka kwa kampuni na kuiendesha wenyewe.

Yako maelezo ya wasafiri na waandishi, kizazi kwa kizazi, kwamba mawe mengi yaliyotumika katika ujenzi wa reli yalichukuliwa Beit el Ras. Hilo lilikuwa kasri ambalo Sayyid Said alianza kulijenga mwaka 1847 kwa kuwa Mtoni palikuwa pamejaa watu. Alifariki mwaka 1856 kabla halijakwisha, na Sayyid Majid hakuliendeleza. Kwa hiyo nyumba ambayo haikupata kukaliwa na mwenyewe ikawa mawe ya njia waliyopita watu wote.

Stesheni ya Ngomeni

Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17, baada ya kuwatoa Wareno. Kwa miaka mingi ilikuwa kambi ya askari na jela. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikapata kazi nyengine, ikawa bohari na kituo cha reli.

Mahali palichaguliwa kwa hesabu. Mbele ya Ngome ni bahari. Wakati huo meli kubwa zilitia nanga nje, na abiria na mizigo ikaletwa ufukweni kwa mashua. Ushuru ulitozwa hapo hapo. Jina la Forodhani linatokana na forodha. Kwa hivyo gari la moshi lilikutana na meli, soko na serikali mahali pamoja. Karafuu iliyotoka shamba iliteremshwa hatua chache tu kutoka mahali pa kulipia ushuru na kupakiwa melini. Mgeni aliyeshuka mashua alilikuta behewa karibu na pwani.

Kutoka hapo reli ilielekea Malindi, ikipita ndani ya mitaa. Postikadi za zamani zinaonesha njia ya chuma ikiwa imebanwa na kuta za nyumba pande zote mbili, na kichwa cha gari la moshi kikipita karibu na vizingiti vya milango. Aliyeijua mitaa ya Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa zaidi: ikija gari, unajibanza ukutani au unaingia kwa jirani bila ya kupiga hodi. Hapakuwa na uzio baina ya reli na watu. Mtaa wenyewe ndio uliokuwa stesheni.

Njia yenyewe

Likishatoka Malindi, gari la moshi lilivuka upande wa Funguni, kwenye mdomo wa hori lililokuwa likiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Hori hilo lilifukiwa baadaye, na leo mtu anapita Darajani bila ya kuliona daraja lililopa mahali hapo jina. Baada ya hapo njia ikafuata pwani kuelekea kaskazini, bahari ikiwa mkono wa kushoto na mashamba mkono wa kulia.

Kwa abiria mwenye macho, zile maili 7 zilikuwa darasa la historia ya ukoo wa Al Busaid.

Kwanza likipita Maruhubi, kasri alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1882. Liliungua mwaka 1899, kwa hiyo abiria wa mwaka 1905 walikuwa wakitazama gofu ambalo moshi wake wengi wao waliuona kwa macho yao.

Kisha Mtoni, kasri kongwe kuliko yote, alikopenda kukaa Sayyid Said na alikozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844. Nalo lilikuwa limeshaachwa na kuanza kuanguka.

Baada ya Mtoni ni Kibweni. Hapa, mwaka 1915, gari la moshi likiwa bado linapita, lilijengwa kasri jipya la Sayyid Khalifa bin Harub, aliyekuwa amekalia kiti tangu mwaka 1911. Abiria wa miaka hiyo walipita magofu mawili kisha wakaiona nyumba inayoinuka.

Halafu Beit el Ras, ambako mawe yalikotoka, na mwisho Bububu.

Bububu yenyewe palijulikana kwa maji yake, na wako wanaosema kwamba hata jina limetokana na mlio wa maji yanayobubujika. Sayyida Salme alikaa hapo kwa muda katika nyumba ya pwani. Kutoka Bububu, njia ya kupanda juu inakupeleka Kidichi, kwenye hamamu iliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya Shahrzad, mke Mwajemi wa Sayyid Said, na mbele yake Kizimbani, miongoni mwa mashamba ya mwanzo kupandwa mikarafuu Unguja. Hapo reli ilisita. Waliokwenda mbele zaidi walipanda punda au walikwenda kwa miguu.

Nani waliolipanda

Walikuwa namna mbili za abiria.

Wa kwanza ni wenyeji, na hao ndio walioiweka reli hai. Waarabu wenye mashamba, Wahindi wenye maduka, Waswahili waliouza mazao yao, wote walikaa kwenye mabehewa ya kawaida na mizigo yao: nazi, muhogo, maembe, ndizi, makuti, kuku. Gari lilikwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku, na likitumika mchana na usiku. Wakati wa mavuno wachumaji wa karafuu walikwenda shamba kwa wingi, na magunia yakarudi mjini.

Hapa pana jambo la kulitia akilini. Amri ya kuondoa utumwa Unguja ilitolewa mwaka 1897, miaka 8 tu kabla ya reli kufunguliwa. Kwa hiyo ndani ya mabehewa yale walikaa watu ambao walikuwa wamezoea kuteremsha mazao ya mtu mwengine kichwani, na sasa wanakwenda mjini kuuza yao. Walikaa pia mabwana zao wa zamani, na njia ilikuwa ni hiyo hiyo moja. Historia yetu, watu wa Unguja tulioko Ghuba, ina pande zote mbili, na gari la moshi la Bububu liliwachukua wote.

Abiria wa pili walikuwa wasafiri wa meli. Unguja ilikuwa bandari kubwa, na meli za Kijerumani, za Kiingereza na za Kifaransa zilisita hapo kwa saa chache au kutwa nzima. Kwa ajili yao lilikuwepo behewa maalumu la daraja la kwanza, na treni la kukodi likitakiwa. Walioteremka waliwahi kwenda Bububu, kuona mikarafuu na minazi, kunywa dafu na kurudi kabla meli haijang'oa nanga. Tukisema utalii wa mashamba ya viungo umeanza juzi, tunakosea. Ulikuwepo tangu wakati wa babu zetu, na ulikwenda kwa reli.

Moto na malalamiko

Gari hilo lilikuwa na aibu yake, nayo ni moto. Kichwa kilitoa cheche, na cheche hizo zilipita karibu na mapaa ya makuti, majani makavu na mashamba ya watu. Mara kwa mara kitu kiliungua njiani, na sifa hiyo ya reli ikavuma. Mwenye nyumba ya makuti kando ya njia aliishi na hofu kila siku, na wakati wa kiangazi hofu ilizidi.

Mjini tatizo lilikuwa jengine. Mitaa iliyojengwa kwa mtu na punda wake haikuwa na nafasi ya chombo cha chuma chenye moshi na kelele. Kadiri mji ulivyozidi kuwa na watu na vyombo vya usafiri, ndivyo reli ilivyozidi kuwa kero pale pale ilipokuwa na manufaa makubwa kabisa, karibu na Forodhani.

Kufungwa

Kilichoiua reli ni barabara. Serikali ilitengeneza njia za magari, na motokaa zikaanza kuingia Unguja. Gari la moshi linakwenda pale tu ilipolazwa reli. Motokaa inakufuata shamba, inasimama unapotaka, na haihitaji stesheni. Mwaka 1922 usafiri wa abiria ukasimamishwa.

Reli yenyewe haikung'olewa siku hiyo. Katika miaka ya 1920 serikali ilikuwa ikijenga bandari mpya Malindi, na palihitajika mawe mengi ya kufukia bahari. Gari la moshi likarudishwa kazini kubeba mawe. Lilifanya kazi hiyo mpaka karibu na mwisho wa miaka hiyo, kisha likapumzishwa moja kwa moja, na vyuma vyake vikauzwa.

Ukitazama vizuri, reli ilijichimbia kaburi. Mawe iliyoyabeba yalijenga bandari ya Malindi, na bandari ilipohamia Malindi, shughuli za meli na mizigo zikaondoka mbele ya Ngome. Uwanja uliobaki ukafanywa bustani, ikafunguliwa mwaka 1936 kwa kuadhimisha miaka 25 ya Sayyid Khalifa. Bustani hiyo ndiyo Forodhani tuijuayo leo, ya mishikaki, urojo na maji ya miwa.

Reli ya Chukwani ilikuwa ya mtu mmoja, ikafa siku alipokufa mwenyewe. Reli ya Bububu ilikuwa ya watu wote, na ilikufa pale watu walipopata kipando chengine. Zote mbili hazikufikisha miaka 20 ya kuchukua abiria, lakini ya pili ndiyo iliyobadilisha desturi: ilimzoesha mtu wa shamba kwamba mjini ni mwendo wa kwenda na kurudi siku ile ile. Mabasi ya mbao yaliyokuja baadaye, na daladala za leo, yamerithi abiria hao hao.

Yaliyobaki

Anayekwenda Unguja likizo anaweza kuifuata njia hii kwa nusu siku.

Anzia Ngome Kongwe. Ua wake ulipata kuwa klabu ya mabibi, na sasa una jukwaa la maonesho ambapo tamasha la filamu hufanyika. Toka nje, uipe Ngome mgongo na utazame bustani: hapo palikuwa pamejaa mizigo.

Pita Malindi kwa miguu, taratibu, na kila mtaa mwembamba jiulize kama behewa lingepita.

Kisha panda daladala 502 ya Bububu. Sehemu kubwa ya njia ya reli imelala chini ya barabara hiyo hiyo. Baadhi ya madaraja madogo na matuta ya udongo yaliyobeba reli yalibaki kando ya barabara kwa miaka mingi baada ya reli kuondoka, na barabara inavyozidi kupanuliwa ndivyo yanavyozidi kupotea. Shuka Maruhubi uone nguzo za gofu, shuka Mtoni uone kuta. Beit el Ras hutaona kasri. Mabaki yalivunjwa mwaka 1947 ili kupisha skuli na chuo cha ualimu, ambako wengi katika wazee wetu, hata waliokuja kusomesha Oman baada ya mwaka 1970, walipata elimu yao.

Bububu leo ni mji. Mwanzo na mwisho wake mtu haujui, kwa sababu nyumba zimeungana kutoka Ng'ambo mpaka huko. Maili 7 zilizokuwa safari sasa ni foleni ya magari ya asubuhi, na imeanza kusikika tena kauli ya watu kutaka njia ya reli.

Picha zilizomo majumbani

Picha nyingi za reli hii zimo katika maalbamu na masanduku, Maskati, Nizwa, Ibra, Sharjah na kwengineko, zilikochukuliwa na familia zilipohama. Mwenye picha ya gari la moshi la Unguja anaweza kuitambua hivi: ikiwa ni postikadi ya kuchapwa, karibu hakika ni Reli ya Bububu, kwa sababu reli ya Sayyid Barghash ilikwisha kabla postikadi za picha hazijaenea. Ikiwa reli imepita kati ya nyumba za ghorofa, ni upande wa mjini, baina ya Ngome na Malindi. Ikiwa kuna bahari na minazi, ni njia ya pwani kwenda Bububu.

Kabla ya kuirudisha sandukuni, igeuze na uandike nyuma kwa penseli majina unayoyajua, mahali, na nani alikuwa na picha hiyo. Na kama nyumbani bado yuko mzee aliyesimuliwa na wazazi wake habari za gari la moshi, kaa naye jioni moja na simu yako irekodi. Maneno yake yana thamani kuliko makala hii, na reli haikuacha shahidi mwengine.